Maswali na Majibu: Vijana wa Kanisani na Walezi Wao

Tangu tulipowaalika wasomaji watuandikie kuhusu vijana wa kanisani na watu waliowekwa kuwalea, barua zimekuja kwa wingi kutoka kwa wazazi, walezi na vijana wenyewe. Nimechagua tano, nikaondoa majina pamoja na mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi, na kuzifupisha pale zilipokuwa ndefu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu naamini wapo walezi wengi wanaolala na siri kama hiyo.

Ameniapisha nisimwambie mtu

*Bwana Yesu asifiwe, mama. Mimi ni mlezi wa vijana katika usharika wa Kilutheri, Nyanda za Juu Kusini. Juzi, baada ya kipindi cha vijana, binti wa miaka 16 alibaki nyuma akanionyesha simu yake. Mwalimu wetu wa kwaya amekuwa akimwandikia usiku. Ujumbe mmoja ulisema: "Umelala? Jumamosi njoo saa moja kabla ya wenzako nikupime sauti peke yako. Usiwaambie, watakuonea wivu." Alipokwenda mara ya mwisho, mwalimu alimshika kiuno akidai anamfundisha kuvuta pumzi. Kabla ya kunieleza aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mama yake. Mwalimu huyu anapendwa, kwaya imefika mbali kwa ajili yake, na mzee mmoja wa kanisa ni shemeji yake. Nikisema nitakuwa nimevunja ahadi, nikinyamaza moyo unanisuta. Nifanye nini?*

Jibu hili nilimpelekea mwandishi siku ileile barua ilipofika, kwa kuwa jambo la namna hii halingoji gazeti lichapwe. Ninalitoa hapa kwa ruhusa yake, kwa ajili ya walezi wengine.

Mwanangu, ahadi uliyoitoa haikufungi. Uliahidi kabla hujajua unaombwa kutunza nini, na hakuna mtu mzima mwenye mamlaka ya kumwahidi mtoto kwamba atamwacha hatarini. Tena fikiri: kama binti huyu angetaka jambo hili lizikwe, asingekuonyesha simu. Anachokiogopa ni aibu, wala si msaada. Rudi kwake leo, usingoje Jumapili, umweleze kwa upole kwamba ninyi wawili peke yenu hamwezi kulibeba jambo hili, umtajie utakaowaambia na sababu ya kuwaambia, kisha umsikilize akueleze ni nani hasa anayemwogopa. Kwa mabinti niliowahi kuwasikiliza, hofu kubwa ilikuwa kwamba mama atauliza, "Na wewe ulifuata nini kule mapema hivyo?", na kwamba waimbaji wenzake watamnyoshea kidole kuwa ndiye aliyeivunja kwaya. Mwambie, na urudie kumwambia, kwamba hajakosa. Aliitwa mazoezini na mwalimu wake, akaenda. Anayepaswa kujibu ni mtu mzima aliyemwita.

Wapo watakaouliza kuhusu siri ya kitubio. Siri ile inamfunga padre katika sakramenti, wala haihusu mazungumzo ya mlezi na kijana kwenye benchi nje ya kanisa. Kwa siku zijazo, jizoeze kumwambia kijana mapema, kabla hajaanza kueleza: "Mambo yako nitayatunza, isipokuwa ukiniambia kwamba kuna mtu anakuumiza, au kwamba unataka kujiumiza. Hapo nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." Kijana akishasikia maneno hayo huamua mwenyewe aseme au asiseme, na uzoefu wangu ni kwamba wengi husema.

Sheria nayo haikuachii nafasi ya kusitasita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inamwekea mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kwa vitendo, wa kumwendea ni afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Na ukikosa pa kuanzia, piga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hailipishwi na inaweza kupigwa na mlezi, mzazi au mtoto mwenyewe. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 130 kinachohusu ubakaji, inamtaja waziwazi kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake dhidi ya msichana au mwanamke. Ulichoelezwa hakijafika huko, na ni wajibu wenu kuhakikisha hakifiki; lakini kutajwa kwa kiongozi wa dini ndani ya sheria ya nchi kunatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba mambo ya kanisani huishia kanisani.

Andika leo, ungali unakumbuka, maneno yaleyale aliyoyatumia binti, pamoja na tarehe. Ujumbe ulioko kwenye simu usifutwe, na wala usisambazwe kwa mtu asiyehusika, hata kwa kisingizio cha kuombea, maana nimeona siri za mabinti zikimalizika mtaa mzima kwa njia ya maombi. Mama yake aambiwe mapema, ikiwezekana binti akiwapo na wewe ukiwa kando yake, ili lile swali la "ulifuata nini" likiulizwa awepo mtu wa kulijibu. Iwapo litajitokeza jambo zito zaidi ya hilo alilokwisha kulisema, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72. Mchungaji naye apewe taarifa, lakini taarifa hiyo isichukue nafasi ya ile ya ustawi wa jamii au polisi.

Usiende kumkabili mwalimu mwenyewe, kwa kuwa atafuta ujumbe na kumtisha binti kabla jua halijazama. Usimhoji binti kama askari. Ameshakwambia ya kutosha, na kila anapolazimishwa kuyarudia huumia upya. Na usikubali kabisa kikao cha wazee kitakachomketisha binti na mwalimu meza moja ili "wapatanishwe". Vikao vya aina hiyo navijua vinavyokwenda: hufunguliwa kwa sala, mwalimu huomba radhi "kama kuna mtu alikwazika", binti huambiwa atamke kwamba amesamehe, kikao hufungwa kwa wimbo, na Jumamosi inayofuata mwalimu amesimama mbele ya kwaya kama kawaida. Msamaha ni wa binti, atautoa siku atakapouweza. Haufuti kesi, na wala haumrudishii mtu ufunguo wa chumba cha mazoezi. Wakati uchunguzi unaendelea mwalimu asimamishwe kazi yake, na kwaya iimbe bila kinanda ikibidi.

Utaambiwa kwamba unalichafua kanisa. Wanaosema hivyo wakumbuke wafia dini wa Uganda, ambao miongoni mwao walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana. Yusufu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alimkemea Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington, aliwakinga vijana wale na tamaa za Kabaka, na akauawa Novemba 1885. Karoli Lwanga, naye akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, aliipokea kazi hiyo akijua imemgharimu nini mwenzake. Aliwafundisha dini, akawaweka mbali na mkubwa aliyewataka, na ilipoonekana kwamba kifo kimekaribia akawabatiza wale ambao walikuwa hawajabatizwa, akiwamo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Lwanga na Kizito walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kila mwaka vijana kutoka Tanzania na Kenya huenda huko, wengine kwa miguu. Yule ambaye Wakatoliki wa Afrika wanamwita msimamizi wa vijana aliupata ulezi wake kwa kusimama kati ya mtoto na mtu mwenye nguvu, na wewe leo umewekwa mahali pale pale, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na yake.

Liko jambo ambalo barua yako haikuuliza, nami naliona ndilo shina. Mwalimu huyu aliingiaje? Sharika nyingi humpokea mwalimu wa kwaya kwa kigezo kimoja tu, kwamba anajua kupiga kinanda. Pasaka imekaribia, kwaya haina mtu, anakuja kijana mwenye kipaji kutoka dayosisi nyingine, na kabla mwezi haujaisha amekabidhiwa ufunguo, namba za simu za watoto, na safari ya mashindano yenye kulala nje. Hakuna aliyempigia simu mchungaji wa huko alikotoka. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 16, kinasema kwamba Paulo alipomchukua Timotheo, kijana huyo alikuwa ameshuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio. Ni miji miwili, wala si mmoja. Anayetaka kuwalea watoto wetu ashuhudiwe na watu wa hapa anapoishi na wa kule alikotoka, kwa maandishi, kabla ya kupewa ufunguo; mazoezi yafanyike mlango ukiwa wazi, watu wazima wakiwa wawili; na ujumbe wa mazoezi upitie kwenye kundi ambalo wazazi nao wamo. Mlezi mwema hataona kwamba amedhaniwa vibaya. Atashukuru, kwa sababu taratibu hizo humlinda na yeye.

Kanisa linanichukulia mtoto

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama, ninaishi Moshi. Kijana wangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na ni mwimbaji wa kwaya ya vijana parokiani. Mazoezi ni jioni nne kwa wiki, mwisho wa mwezi kuna mkesha, na sasa wanajiandaa kwenda kongamano. Matokeo ya mtihani wa muhula yameshuka sana. Nilipomzuia asiende mazoezini, mlezi wao alimpigia simu akamwambia kwamba mzazi akikuzuia kumtumikia Mungu ujue hilo ni jaribu, ulishinde. Tangu siku hiyo mwanangu hanisemeshi. Je, ninapigana na Mungu?*

Milele na milele, Amina. Hapana, mama mwenzangu, hupigani na Mungu. Mlezi aliyempigia mwanao simu na kumfundisha kumwona mama yake kuwa jaribu amevuka mpaka, na hilo linanisumbua kuliko hata zile jioni nne. Kijana wa miaka 17 bado yuko mikononi mwa wazazi wake, na mtu wa kanisa humsaidia mzazi kazi hiyo, hana mamlaka ya kuitwaa. Luka anasimulia kwamba Yesu akiwa na miaka 12 alibaki hekaluni Yerusalemu, akiuliza na kujibu maswali katikati ya walimu. Hakuna mahali patakatifu kuliko hapo ambapo mtoto angeweza kuwa, na hata hivyo mama yake alipomfuata, alishuka nao mpaka Nazareti, akawa anawatii. Msomee mwanao sehemu hiyo, sura ya pili, mstari wa 51, bila kuongeza hotuba.

Hata hivyo nakusihi usimfungie kabisa. Kijana aliyekatazwa kwaya hafungui vitabu kwa sababu hiyo tu. Mara nyingi hufungua simu. Rafiki zake wako kule, na huenda kule ndiko mahali pekee ambako amewahi kusikia kwamba kuna jambo analiweza. Mfuate mlezi uso kwa uso, usimpigie simu, ukiwa na ratiba ya masomo ya mwanao mkononi, umwonyeshe kwamba mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba, kisha mkubaliane mbele ya kijana mwenyewe: jioni moja katikati ya wiki na mchana wa Jumamosi zinatosha, na kongamano lisubiri. Mkesha nao una habari yake. Uliza unakwisha saa ngapi na watoto wanarudije nyumbani, kwa maana nimeshuhudia mikesha ikifungwa saa kumi usiku, walezi wakaingia kwenye gari la parokia, na watoto wakapakiana watatu watatu kwenye bodaboda.

Mlezi akikataa kukusikiliza, mwone paroko. Parokia zinazojali vijana wake huweka kalenda ya mitihani ukutani kando ya kalenda ya liturujia, na huwapunguzia mazoezi wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita bila kusubiri mzazi alalamike. Lile neno kwamba mtoto asiyekuja mazoezini "amerudi nyuma", ambalo umelitaja katika sehemu ya barua niliyoifupisha, paroko ndiye wa kulipiga marufuku.

Nimeambiwa maswali yangu ni roho ya uasi

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mbeya. Mwaka jana mdogo wangu wa kike aliugua, kundi letu la vijana likafunga na kuomba, tukaambiwa kwamba amekwisha kupona kwa imani. Alifariki. Nilipomuuliza kiongozi wetu kwa nini, alisema huenda mmoja wetu hakuwa na imani. Nilipoendelea kuuliza, alisema mbele ya wote kwamba nina roho ya uasi, akataka niwekewe mikono. Niliondoka, sijarudi. Je, nimemwacha Mungu?*

Pole sana, mwanangu. Kwanza pole ya msiba, kwa sababu nahisi hukupewa ya kutosha.

Kitabu cha Ayubu kina marafiki watatu waliofanya jambo moja jema na moja baya. Jema ni kwamba walipomwona mwenzao katika mateso yake walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kumwambia neno. Baya ni kwamba walipofungua vinywa walianza kumtafutia kosa, wakidhani wanamtetea Mungu. Ayubu kwa upande wake alilalamika, aliuliza, alidai kesi yake isikilizwe. Na mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, hasira ya Mungu inawawakia wale marafiki, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Kwa hiyo aliyeuliza ndiye aliyekubaliwa, na waliokuwa na majibu ndio walioambiwa watoe sadaka na kuombewa na yule waliyemhukumu. Uliuliza kwa sababu ulimpenda mdogo wako na kwa sababu ulimwamini Mungu kiasi cha kutegemea jibu kwake. Hujamwacha.

Upungufu wa imani wa mmoja wenu haukumuua mdogo wako. Aliugua, na wako watu wanaougua wakafa ingawa wameombewa na watakatifu. Hilo limetokea katika kila kizazi cha kanisa. Kwa nini iwe hivyo, mimi sina jibu la kukupa, na ningekuwa nalo nisingekuandikia gazetini, ningekuja kukaa nawe.

Usirudi kwenye kundi lile kwa kulazimishwa, lakini usibaki peke yako. Vyuo vingi vina tawi la TAFES au la umoja mwingine wa wanafunzi Wakristo, na makanisa mengi yana mchungaji au padre wa wanafunzi. Mtafute mmoja, mweleze kisa hiki kama ulivyonieleza, na ukiona anakimbilia kukujibu kabla hujamaliza kusema, tafuta mwingine. Na kama hupati usingizi, huli, au umefika mahali pa kutotaka kuishi, nenda hospitali ukamwone daktari. Kwenda huko hakupunguzi imani hata chembe.

Kwenu walezi: Tomaso alisema waziwazi kwamba hataamini asipoona alama za misumari, na baada ya siku nane, anavyoandika Yohana, alikuwa ndani ya nyumba pamoja na wenzake. Hawakuwa wamemtoa. Kijana anapokuuliza jambo usilolijua, mwambie "sijui, tutafute pamoja", kisha kweli mkatafute. Heshima yako haitapungua. Kumwita muulizaji mwasi mbele ya kundi kunawafundisha thelathini waliobaki kuficha ya kwao, na kuanzia hapo mlezi anaongoza watu asiowajua.

Nimempenda mmoja wa ninaowalea

*Mimi ni kijana wa miaka 27, kiongozi wa vijana katika kanisa la Anglikana, Mombasa. Katika kikundi ninachokiongoza yumo dada wa miaka 20. Nampenda na nia yangu ni ndoa. Naye anaonekana kunipenda. Wenzangu wananiambia nisubiri, wengine wananiambia ni mtu mzima, nimwambie. Nini ushauri wako?*

Kaka, uliza kwanza kama anaweza kukukataa. Wewe ndiye unayempangia zamu ya kuongoza ibada, unayeandika barua yake ya mapendekezo, unayejua maungamo aliyoyatoa katika semina. Akisema hapana Jumatano, Jumapili atakuta bado wewe ndiye kiongozi wake. Umri wa miaka 20 unamfanya mtu mzima mbele ya sheria, lakini hauondoi uzito huo.

Kwa hiyo jiuzulu kwanza ulezi wa kikundi hicho, au omba uhamishiwe kikundi kingine, kabla hujatamka neno. Mweleze kasisi wako sababu ya kweli. Ipite miezi kadhaa, dada huyo awe na kiongozi mwingine ambaye anaweza kumpelekea siri zake, ndipo umwambie, mchana, mahali penye watu. Paulo alimwagiza Timotheo awatendee wanawake vijana kama dada zake, katika usafi wote, na kijana mwenye nia ya ndoa haoni shida kusubiri. Kama uongozi ni mtamu kiasi kwamba huwezi kuuacha kwa ajili yake, basi fikiri tena juu ya hayo mapenzi.

Mwenyekiti wetu wa vijana ana miaka 43

*Sisi ni vijana wa kanisa moja jijini Mwanza. Kazi zetu ni kupanga viti, kupokea wageni, kuimba na kuchangia. Mwenyekiti wa vijana ana miaka 43, ana watoto watatu, na ameshika nafasi hiyo muda mrefu. Tukipendekeza jambo tunaambiwa hatujakomaa. Je, kuna umri ambao mtu anaacha kuwa kijana?*

Upo. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa mtu wa umri wa miaka 15 hadi 35, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unatumia umri huohuo. Majirani zetu wa Kenya wameandika ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Kanisa halifungwi na tarakimu hizi katika mambo yake ya ndani, lakini sioni sababu ya nyumba ya Mungu kuwa na vijana wazee kuliko wale wa serikali.

Nawaombeni lakini msimchukie mwenyekiti wenu. Katika makanisa mengi mtu wa aina hiyo alishika kazi wakati hakuna aliyeitaka, akalipa nauli za vijana kutoka mfukoni mwake, na hakuna aliyewahi kumwandalia mahali pa kwenda baada ya hapo. Akiachia uenyekiti anarudi kukaa benchi la nyuma. Tatizo liko kwa uongozi wa kanisa, ambao umechanganya kazi mbili. Mwenyekiti wa vijana ni kijana mwenyewe, anayechaguliwa na wenzake na kuondoka muda wake ukiisha. Mlezi wa vijana ni mtu mzima anayeteuliwa na kanisa, anayeketi pembeni ya kikao na kuzungumza akiulizwa, au anapoona hatari. Mtu mmoja akishika zote mbili, hakuna kijana anayejifunza kuongoza, na hakuna anayemlea huyo mwenyekiti.

Mnaambiwa hamjakomaa; basi ombeni kazi inayokomaza. Ombeni mkabidhiwe fungu dogo la fedha kwa shughuli moja, kwa mfano ziara ya hospitali au mafunzo ya wanaojiandaa kubatizwa, mlipangie bajeti wenyewe, mlitumie, na mrudishe hesabu kwa maandishi, stakabadhi zikiwa zimeambatanishwa, siku mliyoahidi. Hesabu moja safi itawasemea mbele ya wazee kuliko malalamiko ya mwaka mzima. Msiache kupanga viti. Lakini ombeni pia vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, waketi katika baraza la wazee wakiwa na haki ya kupiga kura pale katiba ya kanisa lenu inaporuhusu.

Kisha andikeni barua kwa mchungaji kabla ya uchaguzi ujao, kwa heshima, ikiwa na saini zenu na siyo ya siri, mkiomba umri wa kugombea na idadi ya vipindi viandikwe katika kanuni za idara ya vijana. Katika barua hiyohiyo mpendekezeni mwenyekiti wa sasa ateuliwe kuwa mlezi, kwa maandishi, akipewa mlezi mwenzake wa kike na taratibu zile nilizozitaja katika barua ya kwanza: milango wazi, watu wazima wawili, na wazazi kuarifiwa.